Pesa ya Korosho na Kompyuta ya Nyumbani

Msimu wa korosho ukifika ukingoni na malipo ya mnada yakaingia benki, nyumba nyingi za Namasakata, mkoani Ruvuma, na vijiji vya jirani hukaa kupanga matumizi. Kuna bati za kuezekea, ada, pikipiki, pembejeo za msimu ujao. Siku hizi, hasa kwenye nyumba yenye kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, kompyuta nayo inatajwa. Mara nyingi mjadala wake huwa mfupi: kama ni kununua, inunuliwe yenye nguvu, na kama pesa haitoshi, isubiri mwakani. Makala hii inapinga uamuzi huo. Kwa kazi ambazo nyumba ya kawaida huku Ruvuma inazihitaji kweli, kompyuta mpakato ya bei ndogo, inayofanya karibu shughuli zake zote ndani ya kivinjari, inatosha. Pesa itakayookolewa ina kazi kubwa zaidi ya kununua nguvu ambayo hakuna mtu nyumbani atakayeitumia: italipia bando, itaweka chanzo cha umeme kinachoaminika, na itasaidia kulinda akaunti ambamo nyaraka za familia zimehifadhiwa.

Tuelewane kwanza ni mashine gani ninayoizungumzia. Google ilitangaza mfumo endeshi wa Chrome mwaka 2009, na Chromebook za kwanza, zilizotengenezwa na Samsung na Acer, zikaingia sokoni Juni 2011. Kwa sura ni laptopu kama nyingine, ina kioo, kibodi na betri. Tofauti iko ndani. Ukiiwasha, baada ya sekunde chache unakuwa mbele ya kivinjari, na humo ndimo unamoandikia barua, unamopigia mahesabu, unamosomea vitabu na unamojazia fomu. Programu kubwa za kusimikwa karibu hazipo, kwa hiyo haihitaji kumbukumbu kubwa wala diski kubwa. Gigabaiti 4 za RAM na 32 za kuhifadhia, ambazo kwenye Windows ya leo ni mateso, hapa zinafanya kazi za kila siku bila kulalamika. Mfumo wenyewe huwa na nakala mbili: moja unaitumia, nyingine inasasishwa kimyakimya, na ukizima na kuwasha unaingia kwenye ile mpya. Kwa nyumba iliyo mbali na fundi hilo ni jambo la maana, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo yanayoipeleka kompyuta mjini ni ya mfumo kuharibika, wala si ya vifaa kufa.

Sasa tutazame kazi zenyewe, maana ubishi mwingi kuhusu kompyuta hufanyika bila mtu kuuliza itafanya nini. Kijana akimaliza shule, matokeo yake yatatoka kwenye tovuti ya NECTA. Akitaka mkopo wa elimu ya juu, ataomba kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, na kabla ya hapo cheti chake cha kuzaliwa kitahakikiwa na RITA kwa njia ya mtandao. Vyuo vikuu navyo hupokea maombi kwenye tovuti zao. Akitafuta kazi serikalini, lango ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Mwalimu au muuguzi wa zahanati aliye kazini anaingia kwenye mfumo wa ESS kuomba likizo na kutazama taarifa zake za utumishi, na kwenye PEPMIS kujaza utendaji wake wa kazi. Mwenye duka anayetaka leseni ya biashara anaelekezwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, anayesajili jina la biashara anakwenda BRELA, na mambo ya kodi yako kwenye tovuti ya TRA. Korosho yenyewe siku hizi inanadiwa kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa mwanafunzi, Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake. Zipitie moja moja shughuli hizo na hutakuta hata moja inayodai processor ya gharama au diski ya terabaiti moja. Zote ni kurasa za tovuti. Taasisi zimekwisha kuhamishia kazi kwenye kivinjari, nasi bado tunanunua kompyuta kana kwamba kazi ingali inakaa kwenye sidii.

Wa kwanza kupinga atasema: kama yote ni tovuti, simu inatosha. Ana sehemu ya haki. Kuangalia matokeo, kulipa kwa namba ya malipo, kusoma ujumbe wa chama cha msingi, yote hayo simu inayafanya vizuri, na nyumba ambayo haina zaidi ya hayo isinunue kompyuta yoyote. Lakini jaribu kuandika barua ya maombi ya kazi ya kurasa mbili kwa kidole gumba, au kujaza fomu ya mkopo yenye hatua nyingi kwenye kioo cha inchi 6, ukirudi nyuma kila mara kuhakiki namba ya mtihani, namba ya NIDA na jina lililoandikwa tofauti kwenye vyeti viwili. Makosa kwenye fomu kama hiyo huzaliwa kwa sababu mtu haoni ukurasa mzima, na gharama yake ni kubwa: ombi linakwama, na dirisha linafungwa. Katibu wa chama cha msingi mwenye orodha ya wakulima mia tatu na kilo za kila mmoja naye hawezi kuitunza kwenye simu bila kuchanganya mistari. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, na baadaye kugawiwa walimu, vimesaidia, na mwalimu mwenye kimoja anaweza kukiongezea kibodi. Hata hivyo kishikwambi ni mali ya serikali, cha kazi, na si cha mtoto wa mwalimu kuandikia maombi yake ya chuo.

Wapo wanaosema hata simu haihitajiki kwa hayo, kuna steshenari. Huduma ya steshenari ni nzuri na itaendelea kuhitajika kwa kuchapa na kuskani. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi mhudumu ndiye anayefungua barua pepe ya mteja, anachagua nywila, anaiandika kwenye daftari lake, na mteja anaondoka na karatasi iliyochapwa tu. Miezi mitatu baadaye anaitwa kwenye usaili kupitia barua pepe ambayo hawezi kuifungua. Au nywila moja imetumika kwa wateja kumi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hajui hata jina la akaunti yake. Kijana anayejaza fomu yake mwenyewe nyumbani, polepole, mzazi akiwa pembeni na vyeti mkononi, anafanya makosa machache na anabaki na funguo zake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtandao. Mashine inayotegemea intaneti itafanya nini mahali ambapo mnara mmoja ukizima kijiji kizima kinanyamaza? Jambo hili halitaki majibu mepesi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na katika nchi jirani kadhaa. Siku hiyo hata aliyekuwa Dar es Salaam na kompyuta ya mamilioni alikuwa hana mtandao wa kueleweka. Huku kwetu hitilafu ndogo ndogo ni za mara kwa mara zaidi. Ila tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kazi inayohitaji mtandao wakati ule ule, kama kutuma fomu ya serikali. Hiyo bila mtandao haifanyiki kwenye kompyuta yoyote, iwe ya bei gani. Na kuna kazi ya kuandaa, yaani kuandika, kuhesabu na kusoma, ambayo Chromebook inaifanya bila mtandao endapo umeiandaa mapema. Ukiwa na mtandao, ingia kwenye mipangilio ya Google Drive na uwashe matumizi ya nje ya mtandao. Tangu hapo utaweza kufungua na kuandika hati na majedwali yako hata mnara ukiwa umezima, na mtandao ukirudi yatajituma yenyewe. Kitabu cha PDF ukishakipakua kinakaa ndani ya mashine na kinasomeka wakati wowote. Kasoro ya kweli ni kwamba matumizi haya hayajiwashi yenyewe kwa kila kitu. Asiyejua hilo atakuja kugundua siku mtandao umekatika, na atailaumu mashine.

Kwa bando, utaratibu mzuri unapunguza gharama kuliko punguzo lolote la kampuni ya simu. Andika maelezo yako yote nje ya mtandao, yawe barua ya maombi, wasifu, au majina na namba za wadhamini. Piga picha vyeti kwa simu, vigeuze kuwa PDF kwa kamera ya programu ya Drive, na uhakikishe ukubwa wa faili hauzidi kiwango ambacho mfumo husika umekitaja. Kila kitu kikiwa tayari, washa hotspoti ya simu, ingia, nakili, bandika, pakia, tuma, toka. Fomu inayowachukua watu alasiri nzima, huku mfumo ukiwatoa nje kwa kukaa kimya muda mrefu, inakwisha kwa muda mfupi. Kurasa za maandishi hazili data nyingi. Kinachomaliza bando ni video, na pili ni masasisho ya mfumo, ambayo yanaweza kufika mamia ya megabaiti kwa mara moja. Kwenye mipangilio ya mtandao wa Wi-Fi kuna sehemu ya kuiambia Chromebook kwamba mtandao huu unapimwa. Iwashe kwa hotspoti ya simu yako, kisha usasishe mara moja moja ukiwa mahali penye mtandao wa bei nafuu, labda shuleni au kwa ndugu mjini. Usiyazuie masasisho moja kwa moja, kwa kuwa ulinzi wa mashine hii unayategemea.

Kwenye umeme mashine ndogo inashinda waziwazi. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 100 au zaidi, na umeme ukikatika unapoteza ulichokuwa unakiandika. Chromebook ndogo kwa kazi za kawaida hula chini ya wati 10, na betri yake huwa na takriban wati-saa 45. Tufanye hesabu ya nyumba yenye sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240 kwenye karatasi. Ukitumia nusu tu, kama inavyopaswa kwa betri ya asidi ili idumu, unabaki na 120. Ukiondoa upotevu wa njiani, bado zinatosha kuijaza Chromebook mara mbili, na ikiwa betri yake haijachoka, kila chaji ni saa kadhaa za kazi. Kinachohitajika ni chaja ya gari ya volti 12 yenye tundu la USB-C na uwezo wa wati 45, ya aina inayoweza kupandisha volti kwa ajili ya laptopu. Chaja ndogo ya simu haitafaa, hata kama plagi inaingia. Ukifanya hivyo huhitaji inveta, ambayo yenyewe hula umeme kwa kukaa tu imewashwa. Kwa sababu hiyo, ukiwa unachagua kati ya mashine mbili, chukua inayochajiwa kwa USB-C, hata ikizidi bei kidogo. Chaja yake ikifa utapata nyingine Tunduru au Songea, wakati chaja yenye pini ya kampuni moja huenda ukaitafuta hadi Kariakoo.

Kisha wapo wanaosema kompyuta ni Windows, na mtoto aliyezoea kitu kingine atachekwa ofisini. Nalichukulia hili kwa uzito kwa sababu ajira ni sababu mojawapo ya kununua. Lakini Excel imejengwa juu ya fomula, na fomula ya kujumlisha safu au kutafuta wastani inaandikwa vilevile kwenye Google Sheets. Zaidi ya hapo, Microsoft yenyewe inatoa Word, Excel na PowerPoint za kwenye kivinjari bila malipo kwa mwenye akaunti yake, na zinafunguka kwenye Chromebook. Hazina kila kitu kilichomo kwenye toleo la kusimikwa, ila mtu anayejifunza atakaa muda mrefu kabla hajagusa kilichopungua. Lugha nayo isisahauliwe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati wengi wakiamini kwamba kompyuta haiwezi kuzungumza lugha yetu. Leo kivinjari cha Chrome na akaunti ya Google vinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Mzazi asiyesoma Kiingereza anaweza kuliona neno la kuhifadhi na la kufuta kwa lugha anayoielewa, na hiyo ni sababu tosha ya kuibadilisha siku ya kwanza.

Hata hivyo wapo ambao nawashauri wasinunue. Mwanafunzi anayekwenda kusomea uhandisi au usanifu majengo atahitaji AutoCAD na zinazofanana nayo. Wa takwimu ataambiwa alete SPSS. Mhasibu anaweza kukuta ofisi inatumia Tally iliyosimikwa kwenye Windows. Anayetaka kuhariri video za harusi au kurekodi muziki anahitaji nguvu halisi na diski halisi. Anayefungua steshenari ndiye wa kujihadhari zaidi, kwa sababu Chromebook haipokei madereva ya printa yanayokuja kwenye sidii. Inaelewana na printa mpya nyingi za Wi-Fi na baadhi za waya, lakini printa kuukuu inaweza isitambulike kabisa. Nyumbani hilo si tatizo kubwa: hifadhi kama PDF, weka kwenye flashi au ujitumie kwa barua pepe, kachape dukani. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma somo la kompyuta kwa mitihani naye amuulize kwanza mwalimu wake vitendo vitafanyika kwenye mfumo gani.

Flashi hizo zinanikumbusha jambo jingine. Flashi inayozunguka kati ya nyumba, shule na steshenari ndiyo mbebaji mkuu wa virusi vya kompyuta vijijini. Mafaili yanageuka njia za mkato, kazi ya muhula mzima inapotea. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na programu ya Windows haiwezi kujiendesha ndani ya Chromebook. Faili lililofichwa unaweza kulikuta na kulinakili salama. Ulinzi huo unaishia hapo. Ujumbe wa kitapeli unaomtaka mtu aandike nywila yake kwenye ukurasa wa bandia unafanya kazi kwenye mashine yoyote, kwa maana unaoshambuliwa hapo ni uamuzi wa mtumiaji.

Tuje kwenye kununua, ambako ndiko pesa nyingi hupotea. Chromebook nyingi zinazofika kwenye maduka yetu ni za mtumba, na nyingi kati yake zilikuwa za shule za Marekani na Ulaya. Kutumika si aibu. Mashine za shule zimejengwa kuvumilia kuangushwa, na bei yake huwa ya chini sana. Zina mitego miwili ambayo muuzaji mwenyewe huenda haijui. Wa kwanza ni tarehe ya mwisho ya masasisho. Kila modeli ina tarehe ambayo Google itaacha kuisasisha, na inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, wala si tangu wewe uliponunua. Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba modeli zilizotoka kuanzia 2021 zitasasishwa kwa miaka 10. Za kabla ya hapo zina muda mfupi zaidi, ingawa baadhi mwenye nazo anaweza kukubali kuongezewa. Kwenye mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu ChromeOS, kisha maelezo ya ziada, na tarehe utaiona. Kama imepita, mashine itawaka na kwenda, ila kivinjari chake kitazeeka mwaka hadi mwaka mpaka tovuti za benki na za serikali zianze kukikataa, na mianya ya usalama haitazibwa tena. Mashine ambayo tarehe yake imepita au imebaki chini ya miaka miwili usiinunue, hata ikipunguzwa bei mara tatu. Iliyobakiwa na miaka minne au zaidi ndiyo ya kuzungumza bei.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Shule huzisajili mashine zao kwenye mfumo wa usimamizi, na mashine ambayo haikuondolewa kwenye usajili huo inabaki mikononi mwa shule hata ikivuka bahari. Dukani inaweza kuonekana inafanya kazi, hasa ikifunguliwa kwa hali ya mgeni. Siku ukiifuta ili uanze upya, itakudai uingie kwa akaunti ya shule ambayo huna, na hakuna fundi wa kawaida atakayekutoa hapo. Kipimo chake ni rahisi, na ukifanye kabla hujatoa hata shilingi. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingilia, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt, Shift na R, kubali kuizima na kuiwasha, kisha kubali kufuta kila kitu. Ikirudi, iunganishe na hotspoti ya simu yako, kwa sababu bila mtandao kipimo hakina maana. Ikikukaribisha uweke akaunti yako binafsi, ni huru. Ikitaja jina la shule au taasisi, irudishe kaunta na uondoke. Muuzaji akikataa usiifute, tayari amekujibu. Kisha fanya ukaguzi wa kawaida: bonyeza kila kitufe, sikiliza spika, jaribu kamera, itumie bila chaja kwa muda ukitazama asilimia ya betri inavyoshuka, na ufahamu kwamba kwenye nyingi ya mashine hizi RAM na hifadhi zimechomelewa kwenye bodi. Muuzaji anayeahidi kukuongezea baadaye hasemi kweli. Gigabaiti 4 ni kima cha chini. Ukiona ya 8 kwa tofauti ndogo, chukua.

Mashine ikifika nyumbani, kazi ya siku ya kwanza ni akaunti, na hapa ndipo ningetaka kila familia ikae zaidi. Kwenye Chromebook hati zako zinakaa kwenye akaunti. Mashine ikiibiwa, ikinyeshewa au ikianguka, unaingia kwenye nyingine na kukuta kila kitu. Akaunti ikipotea, mashine nzima na nzuri haikusaidii. Kila mtu mzima awe na yake, na mtoto awe na inayosimamiwa na mzazi. Usiruhusu nyumba nzima kutumia barua pepe moja, kwa sababu fomu ya mkopo ya dada na maombi ya kazi ya kaka vitagongana. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha chapa au andika kwa mkono zile namba za dharura ambazo Google hutoa kwa ajili ya siku laini ya simu itakapopotea, uziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya shamba. Laini nyingi hupotea au hubadilishwa, na mtu asiye na namba hizo anaweza kufungiwa nje ya akaunti yake mwenyewe. Ijulikane pia kwamba tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili. Barua pepe iliyofunguliwa kwa ajili ya simu mpya na kusahauliwa iko hatarini. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, inatosha hati za miaka mingi, lakini video za harusi zitaijaza upesi. Na kwa kuwa kuweka kila kitu kwa kampuni moja ya ng'ambo ni utegemezi wa kweli, ambao sitaki kuupunguza kwa maneno, nakili nyaraka muhimu kwenye flashi mara moja kila mwezi na uitunze kabatini. Google ina huduma ya kupakua kila kilichomo kwenye akaunti yako. Itumie walau mara moja kwa mwaka ukipata mtandao mzuri.

Kabla ya hayo yote, tazama kama nyumbani hakuna laptopu kuukuu iliyoachwa kwa sababu imekuwa nzito. Zipo nyingi, na zimeongezeka tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Julai 2022 Google ilitoa ChromeOS Flex, toleo la bure la mfumo huohuo kwa kompyuta za kawaida. Inahitaji processor ya Intel au AMD ya biti 64, RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 16. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha kuiandaa, ingawa kuipakua kutakula zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo ifanyie palipo na mtandao wa bei nafuu. Haina duka la programu za Android, na kwa nyumba inayotaka kuandika, kusoma na kujaza fomu hilo halipunguzi kitu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu ikiwa bado kwenye flashi, bila kugusa diski. Washa kompyuta kupitia flashi, unganisha Wi-Fi, fungua hati, cheza sauti, funika kioo na kukifunua uone kama inaamka. Vyote vikifanya kazi, hamisha kwanza picha na nyaraka zilizomo, kwa sababu kusimika kutafuta kila kitu, kisha endelea. Wi-Fi ikikataa kushika au kioo kikabaki cheusi, zima, chomoa flashi, na laptopu itabaki kama ilivyokuwa.